Ukienda Kericho, usitazame majani chai pekee

Mpenzi msomaji, ikiwa unaishi Nairobi au Nakuru na una jamaa Kisumu, basi bila shaka umewahi kupita Kericho. Lakini je, uliiona? Wengi wetu huupita mji huo usiku, tumelala ndani ya basi, vichwa vimeegemea dirisha. Wale wanaopita mchana huchungulia nje, wakaona zulia la kijani lisilo na mwisho, wakapiga picha moja na kurudia usingizi. Wakifika mwisho wa safari huwaambia wenzao kwamba Kericho ni pazuri. Basi, yameisha.

Leo nataka nikuombe kitu kimoja. Likizo ijayo, shuka. Kaa siku mbili au tatu, tembea kwa miguu na watoto wako, ingia makanisani, keti katika hoteli kuukuu, kisha uulize maswali. Utagundua kwamba kijani kile si cha bure. Kina historia, na historia yenyewe ina wenyewe.

Mwingereza akiamshwa asubuhi mjini Kericho bila kuambiwa yuko wapi, huenda akadhani yuko kwao. Kuna ukungu, mvua ya rasharasha na nyasi zilizokatwa vizuri. Kuna kanisa dogo la mawe, hoteli yenye bustani pana, na kilabu chenye uwanja wa gofu. Hayo hayakutokea kwa bahati. Yalijengwa na watu waliotamani nyumbani kwao na waliokusudia kukaa hapa daima. Swali ambalo msafiri mwenye busara hujiuliza ni hili: kabla hawajafika, nani alikuwa akiishi hapa, naye alikwenda wapi?

Anzia Kiptere

Ushauri wangu ni kwamba usianzie mjini. Anzia Kiptere.

Kwa wale wasiopajua, Kiptere ni kituo kidogo cha biashara katika sehemu za Sigowet, magharibi mwa mji wa Kericho. Kutoka Nairobi hadi Kericho ni kama kilomita 260 ukipitia Nakuru. Ukishapita Kericho unashika barabara ya Kisumu mpaka Kapsoit, halafu unaiacha na kufuata njia inayoteremka kuelekea Sondu. Huko hakuna hoteli za kitalii. Utapata maduka, kinyozi, hoteli ya chai na mandazi, na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria. Lakini ukiwa na jamaa, rafiki, au mwanafunzi uliyesoma naye anayetoka sehemu hizo, hutakosa mahali pa kulala. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukifika nyumbani kwa watu, usikimbilie kuketi. Salimu kwanza. "Chamgei" ndiyo salamu ya Wakipsigis, nawe utajibiwa vivyo hivyo. Nyanya wa mji huo mwite "kogo," na ukipewa kitu chochote mikononi sema "kongoi," yaani asante. Maneno hayo matatu yatakufungulia milango mingi kuliko pochi yako.

Pengine utakachopewa ni mursik, maziwa yaliyolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalum, ukalainika na kupata rangi ya kijivujivu. Watoto wa mjini wataguna. Waambie wanywe taratibu. Hicho ndicho kinywaji wanachopokewa nacho wanariadha wetu katika uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Usishangae pia ukiletewa kimyet, ndio ugali huo, pamoja na mboga chungu za kienyeji. Wenyeji hawa ni wafugaji na wakulima tangu jadi, na chai kwao ni mgeni wa juzi tu.

Kwa nini nakutuma Kiptere kwanza? Kwa sababu ukiwa huko unaitazama nchi ya chai kutoka nje. Mashamba makubwa ya kampuni yako juu, kwenye baridi na mvua. Jioni, chakula kikishaliwa, keti na wazee uwaulize babu zao walichungia wapi ng'ombe. Usishangae mkono ukinyoshwa kuelekea huko juu. Yabaki moyoni hayo, kisha asubuhi upande matatu kwenda mjini.

Kabla ya chai kulikuwa na kitani

Njiani simama kidogo uyatazame majani chai vizuri. Mchai ukiachwa unakuwa mti mrefu. Unaonekana kichaka kifupi kilichosawazishwa kama meza kwa sababu hukatwa mara kwa mara ili mchumaji aufikie. Kinachochumwa ni majani mawili na kichipukizi chake, basi.

Watu wengi hudhani Waingereza walikuja Kericho kupanda chai tangu siku ya kwanza. La hasha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Kericho na kuzigawia kundi la maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wamejeruhiwa vitani. Mpango huo uliitwa BEADOC. Waliambiwa wapande kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo, kwa kuwa wakati huo bei yake ilikuwa juu sana.

Bei ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mpango ukafilisika, na wale maafisa wakatawanyika.

Hapo ndipo mtu angetarajia kwamba ardhi ingerudishwa kwa wenyewe. Haikurudishwa. Iliingia mikononi mwa makampuni ya chai. Brooke Bond ilianza shughuli zake nchini mwaka 1924, na James Finlay ikafuata muda mfupi baadaye. Mvua ya Kericho inyeshayo karibu kila alasiri, udongo wake mwekundu na kimo chake cha kama mita 2,000 juu ya bahari vikaufaa mchai kuliko kitani. Utajiri ukapatikana, nao Wakipsigis wakageuka vibarua na maskwota katika ardhi ambayo babu zao walichungia mifugo.

Mkasa wenyewe haukuishia hapo. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa hata kupanda chai yake mwenyewe. Ni baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wakulima wadogo, na mwaka 1964, baada ya uhuru, KTDA ikaundwa kuwahudumia. Kwa hivyo ukiona kijishamba cha chai kando ya nyumba ya mabati, jua kwamba hicho nacho ni mnara wa kumbukumbu. Kuna mtu alikingoja kwa miaka 30.

Makampuni nayo yamebadilisha wenyewe. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na katika miaka ya 2020 mashamba yote mawili makubwa, la Finlay na lile lililokuwa la Brooke Bond, yameangukia mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mikono ya wachumaji nayo inapungua kwa sababu ya mashine za kuvunia, jambo ambalo limezusha hasira kubwa. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto katika ghasia. Ukiona mashine shambani, basi, usimwambie mtoto kwamba hayo ni maendeleo tu. Mwambie pia kwamba kila mashine inafanya kazi iliyokuwa ikiwalisha watu wengi.

Nyumba tatu za ibada

Mjini Kericho unaweza kuzitembelea nyumba tatu za ibada katika siku moja, na ukizitazama kwa makini utausoma mji mzima.

Ya kwanza ni Kanisa la Holy Trinity la Waanglikana, lililojengwa kwa mawe mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni dogo. Waliolijenga walikuwa wakulima wa chai wa Kizungu, na walitaka lifanane na kanisa la kijiji cha kwao Uingereza. Walifaulu. Ukisimama mlangoni ukafumba macho, kinachokukumbusha uko Afrika ni sauti za ndege na harufu ya udongo uliolowa. Pita polepole. Ukiliona bamba lenye jina na mwaka, lisome kwa sauti ili watoto wasikie. Watu hao nao walipenda, waliugua, walizika watoto wao. Si vyema kuwacheka.

Lakini kumbuka ni miaka gani hiyo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini. Wakati Mkenya alikuwa akikamatwa kwa kudai ardhi, Kericho walikuwa wakijenga kanisa la mawe la kudumu karne nyingi. Huwezi kupata ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba walowezi hawakuwa na nia ya kuondoka. Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1964, wengi walifunga mizigo, na leo Mkenya huketi kwenye viti vile bila kumwomba mtu ruhusa.

Ya pili ni gurudwara, hekalu la Makalasinga, ambalo huhesabiwa miongoni mwa yale makubwa zaidi barani Afrika. Limejengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, fundi aliyefika Kenya mwaka 1916 akiwa kijana kutoka Punjab. Aliishi Kericho kwa miongo kadhaa, akiwa mmoja wa washirika wa karakana ya Kericho Wagon Works iliyotengeneza magari ya kukokotwa na ng'ombe. Fikiria jambo hilo kidogo: kabla ya malori, mzigo wa masetla ulibebwa na magari yaliyoundwa na mikono ya Makalasinga. Katika miaka ya 1970 alihamia Uingereza, akaanzisha shirika la kidini mjini Birmingham, akafariki huko mwaka 1983. Waumini wake ulimwenguni kote humtaja kwa jina la mji wetu, Baba wa Kericho. Ni Wakenya wangapi wanaolijua hilo?

Hapo mgeni wa dini yoyote hukaribishwa. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe. Baada ya hapo utaalikwa kula, na chakula hicho hakilipiwi. Tajiri na maskini huketi pamoja na kula chakula kimoja. Kwa familia yenye watoto watatu na mfuko uliotoboka, hilo si jambo dogo, lakini usiende kwa ajili ya tumbo pekee. Wasaidie hata kuosha vyombo. Nao kumtumikia mwenzako wanahesabu kuwa ni ibada.

Ya tatu ni Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Wakatoliki, lililofunguliwa mwezi Mei mwaka 2015. Dayosisi ya Kericho yenyewe iliundwa mwaka 1995 ilipogawanywa kutoka ile ya Nakuru. Kanisa hili halijaribu kufanana na la kijiji chochote cha ng'ambo. Paa lake kubwa la vigae linapanda kuelekea altare kama mlima, likishikiliwa ndani na matao kumi ya saruji, kila moja refu kuliko lililotangulia. Linaweza kuketisha watu 1,500. Wachoraji wake wakuu ni John McAslan na wenzake wa London, lakini mawe, mbao na vigae vyake vilitoka humu nchini, na mafundi wengi ni wetu. Ingia adhuhuri jua likiwaka, utaona jinsi mwanga unavyopenya kati ya matao. Mwanafunzi anayetaka kusomea usanifu wa majengo asikose kufika hapo.

Nyumba tatu, na kila moja inakueleza ni nani aliyekuwa na nguvu ya kujenga, lini, na kwa ajili ya nani.

Hoteli, kilabu na chungu cha wazee

Sasa tuzungumzie mambo ya vinywaji, maana safari si ibada pekee.

Hoteli mashuhuri kuliko zote ni Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950. Kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya nchi ya chai, yenye bustani iliyotazamana na mashamba. Imepita mikononi mwa wenyewe mbalimbali na imeonja siku za uchakavu, kwa hivyo uliza hali yake kabla ya kufunga mizigo. Lakini hata ukienda kunywa kikombe kimoja cha chai na kuyatazama majengo, hutajuta.

Kilabu cha gofu nacho kina hadithi yake. Katika enzi za ukoloni vilabu vya namna hiyo vilikuwa vya Wazungu peke yao. Mwafrika aliingia akiwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia, ama akibeba mkoba wa gofu wa bwana mkubwa. Kaunta ya baa ndipo mambo ya mashamba yalipoamuliwa, bei, mishahara na nani afutwe kazi. Leo mwanachama anaweza kuwa daktari, mwalimu au mfanyabiashara kutoka Kapsoit. Viti ni vile vile. Wanaokalia ndio waliobadilika. Ukialikwa na mwanachama, nenda ukaone.

Lakini usidhani kwamba kukutana na kunywa kulianza na Mzungu. Wakipsigis walikuwa na baraza lao la kinywaji kabla ya kaunta yoyote. Pombe ya wimbi na mahindi ilipikwa na akina mama, ikatiwa chunguni, na wazee wakakizunguka chungu hicho kila mmoja na mrija wake mrefu. Haikuwa pombe ya kulewea barabarani. Ilinywewa kwenye harusi, kwenye upatanisho, na pale wazee walipokuwa na neno zito la kuamua. Kijana hakusogelea chungu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru pombe za kienyeji zilipigwa marufuku, mpaka sheria ya mwaka 2010 iliporuhusu zitengenezwe na kuuzwa kwa leseni.

Nawe mzazi, sheria hiyo hiyo inasema mtu aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa katika baa. Kwa hivyo waache watoto na mama au shangazi kwenye bustani, wanywe soda, wewe ukaone kaunta ya kale na urudi haraka. Historia hainywewi kwa chupa sita.

Mahali pasipo na bamba

Sasa tunafika pale ambapo kitabu cha mwongozo wa watalii hunyamaza.

Umesoma majina kwenye mawe. Lakini kuna watu ambao majina yao hutayaona kanisani wala kilabuni. Nao ni ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis waliojulikana kama orgoiik. Mkoloni aliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Mwaka 1914 kiongozi wao, Kipchomber arap Koilegen, alikamatwa pamoja na ndugu zake na kupelekwa uhamishoni mbali na kwao. Alifia huko. Huyu alikuwa ndugu ya Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905.

Hayo hayakutosha. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo mzima. Hebu fikiria: sheria nzima, kwa ajili ya ukoo mmoja. Wanaume, wanawake, watoto na vikongwe, mamia ya watu, waliondolewa Kericho na kupelekwa Gwassi, karibu na ufuo wa Ziwa Victoria, nchi ya joto na mbung'o iliyowaua watu na mifugo yao. Walikaa huko hadi mwaka 1962. Watoto waliozaliwa Gwassi walirudi Kericho wakiwa watu wazima, wakaikuta nchi imejaa chai. Wengi hawakupata shamba la kurudi. Walibaki maskwota katika nchi yao wenyewe, na mpaka leo kuna vizazi vyao vinavyodai ardhi.

Madai hayo yamefika mbali. Mwaka 2021 wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao mkubwa kuhusu jinsi Uingereza ilivyowatendea Wakipsigis na Watalai. Mwaka uliofuata kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Na mwezi Oktoba mwaka 2023 Mfalme Charles alipokuja Kenya, alitamka huzuni na majuto yake kuhusu maovu ya zama za ukoloni. Hakuomba radhi rasmi, wala ratiba yake haikumfikisha Kericho.

Naomba usinielewe vibaya. Sisemi kanisa la mawe libomolewe wala Tea Hotel iangushwe. Mtu hachomi kitabu kwa sababu ukurasa mmoja umemuudhi. Ninachosema ni kwamba usisome ukurasa mmoja ukafunga. Majengo yanadumu kwa sababu mwenye nguvu ana mawe. Mnyonge hana ila kinywa cha mzee, na kinywa hicho kinafumba siku moja. Wale waliorudi kutoka Gwassi wakiwa vijana mwaka 1962 sasa ni vikongwe. Ukingoja likizo kumi zijazo, utakuta mikeka mitupu.

Ukiwa na siku zaidi

Wenye gari na siku ya ziada wana mengi ya kuona.

Nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Nakuru, kuna bustani ya miti ya Chagaik iliyopandwa na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuna miti kutoka pembe nyingi za dunia, pamoja na bwawa. Imo ndani ya mashamba ya chai, kwa hivyo omba ruhusa kwanza.

Upande wa Belgut kuna Kabianga, shule ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1925, miongoni mwa shule kongwe za Waafrika katika sehemu hizi. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopewa hati yake mwaka 2013. Mwanafunzi, ukiulizwa Wakipsigis walijibu vipi kunyang'anywa ardhi, jibu mojawapo liko hapo: walipeleka watoto shule.

Kaskazini kuna Fort Ternan. Mwaka 1961 Dakta Louis Leakey alipata hapo, katika shamba la mlowezi aliyeitwa Fred Wicker, masalia ya nyani wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Mbele ya umri huo, ugomvi wa nani alitangulia Kericho huanza kuonekana mdogo, ingawa mwenye njaa ya shamba hawezi kungoja miaka milioni.

Si mbali na hapo ni Kipkelion, ambayo zamani iliitwa Lumbwa, kituo cha reli ile iliyofika Kisumu mwaka 1901. Huko watawa wa Kitrapisti walifungua monasteri mwaka 1956. Baada ya fujo za uchaguzi, mwaka 2008, watawa waliihama nchi wakaenda Uganda. Ukipita sehemu hizo na watoto wakubwa, waeleze. Ardhi iliyoporwa zamani bila kutatuliwa haikuacha kidonda kwa Mkipsigis peke yake. Kidonda hicho kimetoneshwa na wanasiasa mara nyingi, na walioumia ni majirani wasio na hatia, wengi wao waliokuja kutafuta kazi au kununua shamba kwa jasho lao. Kudai haki ya jana hakumpi mtu ruhusa ya kumdhulumu jirani wa leo.

Na watu wa Bomet wasinilaumu. Kusini kwao kuna Hospitali ya Tenwek, iliyokuzwa na wamishonari tangu miaka ya 1930 na kumpata daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, mwaka 1959. Hiyo nayo ni sehemu ya historia ya imani katika nchi hii.

Kabla hujafunga mizigo

Chukua sweta na mwavuli, hata kama Nairobi kunawaka jua. Tembea asubuhi, maana mvua hupenda alasiri, na ya Kericho mara nyingine huja na mawe. Vaa viatu vinavyostahimili matope. Mashamba ya chai yana wenyewe, hivyo usiingie bila idhini, na usimpige picha mchumaji kabla ya kumwomba. Yuko kazini, hayuko maonyeshoni. Kanisani na hekaluni vaa kwa heshima. Ukimtembelea mzee, usiende mikono mitupu. Sukari na kipande cha sabuni hutosha, na majani chai usipeleke, utachekwa.

Na mwanafunzi, beba daftari. Andika jina la mzee, mwaka aliozaliwa na mahali babu yake alipoishi. Rudi nalo shuleni. Daftari hilo, mpenzi msomaji, linaweza kuwa bamba pekee ambalo ukoo fulani utapata.

Siku ya kurudi, panda matatu ya mchana. Kaa upande wa dirisha, mkalishe mtoto karibu nawe. Mtakapopita katikati ya lile zulia la kijani atakuuliza, "Baba, hii chai yote ni ya nani?" Safari hii hutakosa la kumjibu. Na kwa kuwa jibu lenyewe ni refu, hakuna atakayelala mpaka Nakuru.